Siri ya mutu mbele ya mashini yenye akili

Juu ya maandiko «Antiqua et nova», namba 90 mpaka 94



Tarehe 28 Januari 2025, siku ya Mutakatifu Toma wa Akwino, Roma ilitoa maandiko yanayoitwa «Antiqua et nova». Yalitoka kwa ofisi mbili pamoja, ile ya Mafundisho ya Imani na ile ya Utamaduni na Elimu, na Makardinali wawili walitia sahihi, Víctor Manuel Fernández na José Tolentino de Mendonça. Yana namba 117. Yanasema juu ya akili ya kutengenezwa, ile ambayo vijana wetu wanaiita IA kwa Kifaransa. Jina lake linatukumbusha yule mwandishi wa Injili ya Matayo anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya zamani.

Wengi wetu hapa Likasi tuliyapata kwa telefone, tukasoma kurasa mbili tatu, tukayaacha. Ni marefu, na Kifaransa chake ni kizito. Mimi vilevile niliyaacha. Niliyarudia baada ya jambo moja lililonipata katika biro ya parokia, nami nitalieleza mahali pake, kwa maana pasipo jambo hilo nisingethubutu kuandika. Sitasema juu ya yote. Kuna sehemu juu ya vita, juu ya kazi, juu ya dawa, juu ya shule, wengine watazieleza. Nataka kupima namba tano tu, toka 90 mpaka 94, zinazosema juu ya siri ya mutu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, sababu nimesikia hata mapadri wakisema mambo ya ajabu. Mashini hii haina roho, wala haina pepo. Ni kazi ya hesabu. Watu waliilisha maandiko mengi kupita kiasi, vitabu, magazeti, mazungumzo, nayo ikajifunza kwa hesabu ni neno gani hufuata neno gani. Kwa hiyo ukiiuliza inajibu kwa Kifaransa safi, na mara nyingine inasema uongo kwa Kifaransa kilekile safi. Ile inayoitwa ChatGPT ilitolewa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: jibu lake halitoki ndani ya telefone yako. Maneno unayoandika yanasafiri mpaka kwenye mashini kubwa za kampani, mbali, ng'ambo, na jibu linarudi toka huko. Maneno yako yanaweza kuwekwa huko. Yanaweza kutumiwa tena kuifundisha mashini, isipokuwa mwenye telefone amejua namna ya kukataza. Wangapi kati yetu wanajua?

Waseminari wa filozofia watapenda sehemu ya kwanza ya maandiko, maana humo Mutakatifu Toma yuko nyumbani kwake. Tunakumbushwa kwamba akili ya mutu inaona ukweli mara moja, tena inautafuta hatua kwa hatua, intellectus na ratio, na kwamba mashini inaiga kidogo kazi hii ya pili tu, bila mwili, bila uhuru, bila upendo. Naona sehemu hiyo ndiyo bora katika maandiko yote. Siyo kusudi langu leo, lakini inatusaidia kufahamu yanayofuata, kwa maana kitu kisichoweza kupenda hakiwezi kutunza siri ya mutu. Kinaweza tu kufungwa kwa kufuli, na kufuli lina mwenye ufunguo.

Sasa namba 90. Inasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mutu ameumbwa kuishi pamoja na wenzake, na habari anazoacha nyuma yake zinaonyesha namna anavyoishi nao. Kwa hiyo habari hizo si vitu vya bure. Anayezikusanya anapata ujuzi juu ya mutu, na ujuzi huo unageuka kuwa nguvu juu yake. Nyingine ni habari za wazi. Nyingine zinagusa mambo ya ndani, hata zamiri. Namba inayofuata inaongeza kwamba kwa mashini hizi mpya habari kidogo tu zinatosha kubashiri mawazo na mwenendo wa mutu. Kisha tunasoma kwamba kuwapeleleza watu kwa faida ya wachache, ao kwa kuwanyima uhuru wao, ni vibaya. Na mwisho, kwamba haifai kumufunga mutu ndani ya hesabu ya mambo aliyoyafanya zamani, kana kwamba hawezi kugeuka wala kusamehewa. Hili la mwisho ni Injili kabisa. Kama Matayo angehukumiwa kwa daftari lake la kodi, angebaki mutoza ushuru mpaka kufa.

Neno lililotutesa sana tulipoyasoma ni lile la Kifaransa «données». Tulikuwa watu watano, mimi na makatekista wanne. Wao walikataa neno «habari», kwa sababu habari mutu huitoa kwa kusema, lakini mengi ya mambo haya mutu hakuyasema hata kidogo. Mumoja wao, ambaye baba yake alikuwa muwindaji, akasema: «Ni nyayo.» Mutu anapita, hafikiri juu ya udongo, lakini anayejua kusoma udongo anajua kama alikuwa peke yake ao na mwenzake, kama alibeba muzigo, kama alichechemea. Tulilichukua neno hilo, nami nitalitumia hapa. Naona linapita lile la Kifaransa, kwa maana «données» ni kusema vitu vilivyotolewa, na nyayo hakuna anayezitoa kwa kupenda.

Ni maandiko mazuri basi, na mwenye kuyadharau amekosa. Lakini nina malaumu mawili.

La kwanza: yanaangalia mbali mno. Katika namba hizi tano tunaona jicho la serikali inayopeleleza na jicho la kampani kubwa zinazotafuta faida. Ni jicho la mutu asiyekupenda. Sisi wana wa Likasi tunajua jicho lingine, la yule anayekulisha.

Muji huu uliitwa Jadotville mpaka 1966. Kunako miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ilianza kuacha desturi ya kuwachukua watu kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Ikataka kuwakalisha hapa pamoja na wake na watoto. Katika kambi za Panda na Shituru kila mufanyakazi alikuwa na namba yake, ile matrikule ambayo wazee wengine wanaikumbuka leo kuliko tarehe ya ndoa yao. Posho ilipimwa kufuatana na muke na hesabu ya watoto. Mama walipeleka watoto kupimwa kilo. Shefu wa kambi alitaka kujua ni mugeni gani amelala katika nyumba gani. Watoto walisoma katika masomo ya misioni. Yote yaliandikwa. Na tuseme kweli, hatutaki kuwa wasiokumbuka mema: watoto wengi walipona kwa sababu ya ile mizani ya kilo, na wengi wetu tusingekuwa mapadri bila masomo yale. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alieleza maisha haya katika kitabu chake cha 2001 juu ya wana Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampani yenyewe.

Serikali ya Wabeleji nayo ilifanya sawasawa kwa wale iliowaita évolués. Mwaka 1948 ilileta karte ya sifa njema, na 1952 ile immatriculation. Aliyeomba alipaswa kufungua mulango wake. Watu wa komisio waliingia kutazama nyumba: namna ya kula mezani, mahali watoto wanapolala, choo, namna anavyoishi na muke wake. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa kwanza, akapata 1954. Hakuna aliyewaambia watu hao kwamba wanapelelezwa. Waliambiwa kwamba wanainuliwa. Nafikiri mara nyingi juu ya wake wa watu hao, ambao hawakuomba karte yoyote, na ambao vyungu vyao vilifunuliwa na mugeni.

Faili za kambi zilibaki baada ya Wabeleji. Union Minière ilipochukuliwa na serikali, kunako mwanzo wa 1967, Gécamines ilirizi namba zilezile na desturi zilezile. Kisha, katika 2003 na 2004, watu 10,655 walitoka kazini kwa ile operesheni iliyoitwa «départs volontaires», kwa feza za Benki ya Dunia. Kampani iliyojua kilo zao toka kuzaliwa haikuwa na neno la kuwaambia siku ya pili yake. Ninaandika hivi kwa sababu waseminari wa leo hawakuona, na wengi wanadhani kwamba anayejua mambo yetu mengi ni lazima atatutunza.

Jicho hilo la baba halikufa. Huko Nairobi, mwezi wa Julai na mwanzo wa Agosti 2023, watu elfu nyingi walipanga mustari kupigwa foto ya macho na mashini ya duara ya Worldcoin, nao walipata feza za mitandao zenye bei ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Waliambiwa ni kwa ajili ya wakati ujao, ili mutu aweze kuonyesha kwamba yeye ni mutu wala si mashini. Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru zile foto za macho zifutwe. Sam Altman, mumoja wa walioanzisha Worldcoin, ndiye kichwa cha kampani iliyotengeneza ChatGPT. Sisemi kwamba alitaka mabaya. Nasema kwamba mutu mwenye njaa hakuuza macho yake kwa adui. Aliyauza kwa mufazili. Na hapa kwetu, toka 2020 mpaka 2022, tulikatwa feza kwenye telefone kwa ajili ya RAM, daftari la telefone zote za nchi, na neno tuliloambiwa ni kwamba tunalindwa na telefone za wizi na za uongo.

Maandiko ya Roma yangekuwa na nguvu zaidi kwetu kama yangesema neno juu ya ulinzi huu wenye kuonja kila chungu. Walioyaandika wanafahamu vizuri hatari ya mutu anayechukiwa. Hatari ya mutu anayesaidiwa, nadhani wameiona kwa shida.

Laumu la pili ni zito zaidi, na linatupasa sisi wenyewe. Katika namba tano hizi sikuona biro ya parokia. Kanisa linaonekana kama mwalimu anayeonya wengine. Lakini katika kila muji wa Katanga ni nani anayejua mambo ya watu kuliko padri na katekista? Sheria ya Kanisa ya 1917, kanoni 470, ilimupasa paroko kuwa na kitabu cha batizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha wafu, tena kujitahidi kuandika kitabu cha hali ya roho za watu, liber status animarum, nyumba kwa nyumba. Sheria ya 1983, kanoni 535, inataja vitabu vya batizo, vya ndoa na vya wafu, na vingine vinavyoamriwa na maaskofu. Fungua kitabu chochote cha batizo cha zamani: utaona nani hana baba, nani alizaliwa kabla ya ndoa, nani alibatizwa karibu na kufa. Ni nyayo tupu.

Na sasa jambo lililonipata.

Mwanamuke mumoja alikuja kwangu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika toka miaka, naye aliomba mambo yake yapelekwe kwa waamuzi wa jimbo. Alikuja mara nne. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambi, polepole, nami niliandika kurasa kumi na moja katika kayé. Hayakuwa maneno ya ungamo. Yalikuwa maneno ya mutu anayemuamini padri wake. Nilipaswa kuyapanga yote kwa Kifaransa cha sheria. Ilikuwa usiku, umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, na kesho yake nilikuwa na maziko mawili. Nilipiga foto za zile kurasa, pamoja na jina lake na la mume wake na la mwanamuke mwingine, nikazitupa katika mashini, nikaomba Kifaransa kizuri. Katika dakika moja nilikuwa nacho. Nilimushukuru Mungu. Niseme kweli, nilimushukuru.

Alipokuja kutia sahihi nilimusomea nikimutafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho. Mashini ilikuwa imepanga mateso yake chini ya vichwa vinne, na ilikuwa imeongeza kwamba mume wake alikuwa mutu wa kupiga. Yeye hakusema hivyo. Alisema kwamba mume wake alikuwa akinyamaza majuma matatu bila kumujibu hata neno moja. Mimi sikuona hilo ongezeko mpaka nilipomusomea. Akaniambia: «Padri, hii si sauti yangu, wala si Kifaransa chako, nakujua. Nani mwingine aliisoma?»

Nilijibu: «Hakuna mutu.»

Wenye kusoma teolojia ya moral watatambua jibu langu. Wazee wetu waliliita restrictio mentalis: maneno ni ya kweli kwa herufi, na anayesikia anadanganyika. Kweli, hakuna mutu aliyeisoma, kwa kadiri ninavyojua. Nilijua vizuri sana kwamba si hilo aliloniuliza.

Baada ya majuma mawili nilikwenda nyumbani kwake, nikamwambia yote. Hakukasirika, na hilo lilinisumbua kuliko hasira. Aliniuliza tu: «Basi iko wapi sasa?» Sikuweza kumujibu. Nilikuwa nimefuta mazungumzo katika telefone. Lakini Mei 2025 mahakama moja ya New York, katika kesi ya gazeti na kampani ya ChatGPT, iliamuru mazungumzo ya watu yatunzwe, hata yale ambayo wenyewe walikuwa wameyafuta; amri hiyo iliondolewa miezi michache baadaye. Na Julai ya mwaka huohuo Altman mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba mambo mutu anayoiambia mashini yake hayana ulinzi wa sheria kama yale anayomuambia daktari ao wakili. Nashangaa kwamba bwana huyo alisema wazi zaidi kuliko mimi niliyewekewa mikono.

Mwanamuke huyo alinipa ruhusa ya kuandika haya pasipo jina wala parokia. Maandiko yake niliyaandika upya kwa mukono wangu, jioni tatu. Kifaransa chake si kizuri. Lakini ile kunyamaza ya majuma matatu imo.

Je, nilivunja sheria? Kanoni 220 inakataza kuharibu jina jema la mutu na kuvunja haki yake ya kulinda siri ya maisha yake. Sheria ya nchi vilevile, ile Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu juu ya kulinda habari za mutu. Lakini wengi wetu tunafikiri kwamba siri ni ya ungamo tu, na nje ya kiti cha ungamo kila kitu ni mali ya biro. Hapo ndipo maandiko ya Roma yangetusaidia kwa neno moja tu.

Tena hata kwenye kiti cha ungamo hatari imefika. Parokia zetu zina watu wa kila namna: Waluba wa Kasai, Wabemba, Wasanga, Waluba wa Katanga, na siku hizi Wachina wanaofanya kazi kwenye migodi, na kati yao kuna wakatoliki. Padri kijana mumoja aliniuliza kama anaweza kuweka telefone katikati yake na muungamaji ili itafsiri. Aliuliza kwa wema, kwa kuokoa roho. Kanoni 990 inaruhusu mukalimani. Lakini kanoni 983, sehemu ya pili, inamufunga mukalimani huyo kutunza siri, pamoja na kila mutu aliyepata kujua zambi kwa njia ya ungamo. Utaifunga mashini namna gani? Haina zamiri ya kufungwa. Zaidi ya hayo, mashini nyingi za namna hiyo zinachukua sauti na kuipeleka mbali kabla ya kuitafsiri. Na sheria mpya ya azabu, yenye nguvu toka tarehe 8 Desemba 2021, kanoni 1386, sehemu ya tatu, inamuazibu yeyote anayenasa kwa mashini maneno ya ungamo. Nilimujibu kwamba bora muungamaji aonyeshe toba yake kwa ishara na machozi, sawa wazee wetu walivyofanya na mapadri wa kwanza waliojua maneno thelathini ya Kiswahili.

Huko Uswisi, katika muji wa Lucerne, walifanya jambo linalostahili kufikiriwa. Katika mwaka 2024, katika kanisa dogo la Mutakatifu Petro, waliweka mashini yenye uso wa Yezu ndani ya kiti cha ungamo, nayo iliongea na watu kwa luga nyingi. Walisema wazi kwamba si sakramenti, ni jaribio tu. Wageni walionywa wasitaje mambo yao ya siri. Nimesoma watu wakicheka juu ya sura ya Yezu yule. Mimi sikucheka, nilisimama kwenye lile onyo. Kiti cha ungamo chenye onyo kwamba usiseme mambo yako: wale watu wa Lucerne walifahamu mashini yao vizuri kuliko sisi tunavyofahamu telefone tunazobeba chini ya alba.

Naja kwa waseminari, ambao jambo hili linawagusa zaidi ya wanavyozani. Kanoni 240 inasema kwamba wakati wa kuamua kama mutu apokelewe kwa daraja ao atolewe seminarini, haifai kamwe kumuuliza padri wake wa kiroho wala padri anayemuungamisha. Kuna kuta mbili, forum internum na forum externum, na Kanisa lilijenga ukuta huu kwa sababu lilijua kwamba aliyefunua roho yake mbele ya muhukumu wake hatafunua tena. Sasa kijana anaandika barua ya mafungo kwa padri wake wa kiroho, na ili Kifaransa kiwe kizuri anaipitisha kwanza katika mashini. Padri naye amechoka, ana vijana arobaini, anaiomba mashini imufupishie zile barua. Hakuna aliyebomoa ukuta. Umetobolewa pande zote mbili na watu wawili wenye nia njema.

Najua majibu ya wandugu. Padri mumoja muzee aliniambia: «Mukristu mwema hana la kuficha.» Naheshimu mvi zake, lakini hapana. Yezu alituambia tuingie chumbani, tufunge mulango, tusali kwa Baba anayeona kwa siri. Hakusema tufunge kwa sababu tunafanya maovu. Mwingine, kijana, aliniambia kwamba maneno yangu ni ya parokia tajiri zenye sekretari. Yeye yuko peke yake na vituo kumi na vinane, na mashini ndiyo vikari wake wa pekee. Huyu ana haki zaidi, sitamucheka. Mimi mwenyewe ninaitumia kusahihisha tangazo, kutafuta tarehe ya sinodi, kulinganisha tafsiri za homilia. Katekista anayeiomba imueleze mufano wa mupanzi hajamuibia mutu kitu, mradi tu asiamini kila jibu. Tofauti si kubwa kuifahamu: jina la mutu, foto ya mutu, taabu ya mutu si mali yangu nipate kuikopesha. Baba Mutakatifu Leo wa XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaambia Makardinali kwamba alichukua jina hilo akimukumbuka Leo wa XIII na maneno yake juu ya wafanyakazi, kwa sababu mashini hizi zinaleta geuko lingine la kazi. Likasi ni muji wa wafanyakazi. Neno hilo tulilisikia kwa furaha. Natumaini siku moja atasema vilevile juu ya karani wa parokia.

Asiye na wakati wa kusoma namba 117 aanze na zile 90 mpaka 94, kisha arudi kwa sehemu ya kwanza juu ya akili ya mutu. Sisi watano tumekwisha kuzitafsiri zile namba tano kwa Kiswahili, kwa mukono, katika siku tatu. Makosa yamo. Anayezitaka alete kayé yake anakili.